Mbwa Wangu Alishikwa na Bwaki

Mama yangu hajawahi kupenda mbwa. Akija kunitembelea hapa Cimpunda, mtaa wa mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, huingia kwa mlango wa nyuma ili asipishane na mbwa wangu Subira, na muda wote wa kunywa chai kikwembe chake hukaa amekibana katikati ya magoti. Kwa hiyo nilishtuka siku ile ya Julai, vumbi la kiangazi limejaa kila mahali, nilipomkuta amesimama karibu kabisa na mbwa, anamtazama mgongoni kama mtu anayekagua kitambaa sokoni.

"Anakulaka nini?" akaniuliza.

"Bugali, Mama."

"Na mboga?"

Nikanyamaza.

"Hii imbwa iko na bwaki," akasema, akaenda zake kuketi.

Bwaki ni neno la Mashi, lakini Bukavu nzima inalijua, hata sisi tusiozungumza Mashi nyumbani. Ndio ule ugonjwa ambao madaktari huuita kwashioko. Mtoto anakula, anashiba, tumbo limemjaa, lakini nywele zinageuka nyekundu na kukatika, miguu inavimba, ngozi inabanduka, na mchezo unamtoka. Mjini hapa kuna shirika lililolibeba neno hilo katika jina lake, Comité Anti-Bwaki, na kule Lwiro, teritwari ya Kabare, watafiti walihangaika miaka mingi na watoto wa namna hiyo. Mama alikulia vilima vya Walungu. Wadogo zake wawili aliwaona wakiwa hivyo. Akitamka neno bwaki hatanii.

Nikaenda kumtazama Subira upya. Ni mbwa mweusi, wa hapa hapa, asiye na ukoo wa kizungu. Weusi wake ulikuwa umegeuka rangi ya kutu kuanzia mabegani mpaka mkiani. Nilipompapasa, manyoya yalibaki mkononi. Mifupa ya nyonga ilichongoka, na tumbo lilikuwa la mviringo kama ngoma. Mimi nilikuwa nikisema ni uzee. Mbwa wa miaka minne, mzee wa wapi?

Veterineri aliyekuja alianza na minyoo, na minyoo ilikuwepo. Alimpa dawa, akaniambia jambo ambalo nimelishika mpaka leo: dawa itaondoa wadudu, lakini manyoya hayatoki kwenye dawa. Manyoya ni protini. Ngozi ni protini, kucha ni protini. Mwili usiopewa protini hujikopa wenyewe: unachukua kwenye misuli, unachukua kwenye ngozi, mpaka hakuna pa kukopa tena.

Usiku ule nikafanya hesabu. Unga wa muhogo, ambao ndio tulikuwa tukimpikia Subira kwa sababu ndio wa bei nafuu, una protini isiyofika gramu 3 katika gramu 100. Unga wa mahindi una kama 8 au 9. Viwango ambavyo Wamarekani hupimia chakula cha mbwa vinataka protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikavu kwa mbwa mzima, na asilimia 22.5 kwa watoto wa mbwa na kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Mimi nilikuwa nampa chini ya 3. Kila jioni, sahani imejaa, mbwa anashukuru kwa mkia, na mimi naingia ndani kulala nikiamini nimemlisha. Jambo hili liliniuma kwa sababu somo lenyewe nililijua. Nimekua nikiambiwa na Mama: mtoto hakuzwi na bugali, anakuzwa na kile kilicho kando ya bugali. Sikuwahi kufikiri kwamba mbwa naye ana kando.

Jirani yangu mmoja, papa mwenye heshima zake, aliposikia alinicheka kidogo akasema mbwa ni mnyama wa nyama, bugali ndiyo inayomuua, nimpe nyama tupu kama simba. Namheshimu papa yule, lakini hapo simfuati. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu wa Ulaya, wakakuta kwamba mbwa mwitu ana nakala 2 tu za kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, na mbwa wa nyumbani ana kuanzia 4 hadi 30. Maana yake mbwa amekaa na sisi karibu na moto kwa muda mrefu kiasi kwamba mwili wake umejifunza kula vyetu. Bugali iliyoiva vizuri anaisaga vizuri. Na nyama tupu nayo ina njaa yake: ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama bila mifupa huishia na miguu iliyopinda.

(Acha niseme hapa hapa, kwa kuwa nimetaja mbwa wa hapa. Ulimwenguni kuna jamii ya mbwa maarufu wanaoitwa Basenji, mbwa wasiobweka, na asili yao ni misitu ya Kongo. Mswahili yeyote akilisikia jina hilo anajua lilitoka wapi: mbwa wa "basenji", wa washenzi, yaani wa watu wa kijijini kama babu zetu. Wazungu waliwachukua wakawafanya wa thamani, jina la dharau likabaki. Sisi tuliobaki na ndugu zao tunawaita "imbwa tu".)

Basi mboga ya Subira, kile cha kando ya bugali, itoke wapi? Bukavu jibu linaogelea. Jioni nyingi, kiangazi au masika, mitumbwi ya kuvua sambaza hutoka ikiwa imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wavuvi wanaimba, na usiku ukiingia taa zao zinaonekana ziwani kama mtaa mwingine wa mji. Samaki hao hawakuwepo ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hatuwezi kuufikiria mji huu bila wao. Ni wadogo, unawala wazima, na hapo ndipo penye hazina kwa mbwa: anapata nyama na mfupa kwa pamoja, protini na kalsiamu katika tonge moja. Wakikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Tena samaki ana vitamini D, ambayo mbwa hawezi kujitengenezea ya kutosha kwa kuota jua kama sisi, lazima aile.

Nilishuka Beach Muhanzi asubuhi, nikamwendea mama mmoja mwenye beseni mbili. "Mama, bichwa unaviuzaka?" Akaniuliza kama ni za bata. Nikamwambia ni za mbwa. Alinitazama sana. Halafu akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya ukali, na kwa hiyo iliniingia zaidi: "Mama, watoto wanalala njaa katika huu mji."

Swali hilo ni la haki na sitalikimbia. Kuna nyumba jirani yangu ambako sambaza huingia mara moja kwa wiki. Nimelifikiri sana, na jambo nililoamua ni hili: simnunulii mbwa samaki ambaye mtoto angemla. Namnunulia vichwa, vipande vilivyovunjika, na ule unga unga unaobaki chini ya mfuko wa sambaza kavu, ambao wauzaji huwapa wafuga nguruwe. Na namnunulia kwa sababu analala nje. Tangu usiku umekuwa wa hofu katika mtaa wetu, Subira ndiye anayekaa macho sisi tukifumba. Mwanangu wa kwanza analala karibu na dirisha la barabarani. Siwezi kumwambia mnyama alinde pumzi ya mtoto wangu halafu nimlipe muhogo mtupu mpaka manyoya yamtoke. Kama mtu hana cha kumpa mbwa zaidi ya muhogo mtupu, namwomba kwa upole asichukue mbwa kwanza.

Vichwa navichemsha dakika ishirini, sivitoi vibichi. Samaki mbichi huweza kubeba minyoo, na baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, moto unakimaliza. Samaki wa chumvi, makayabu, simpi hata kipande.

Sasa niseme kuhusu unga, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipompoteza Bobi.

Bobi alikuwa kabla ya Subira. Ilikuwa Novemba, mvua kila siku mchana, na unga ulikuwa umepanda bei. Nikapata mahali panauzwa unga wa mahindi kwa karibu nusu ya bei ya kawaida. Mwenye kuuza aliuita "bunga ya imbwa". Ulikuwa na madonge, rangi ya kijivu kwa mbali, na harufu ya udongo wa chumba kilichofungwa muda mrefu. Nikajiambia utachemka, moto unaua kila kitu. Nikanunua gigozi kumi, yale makopo ya kupimia unga.

Wiki ya tatu Bobi aliacha kula. Nikadhani ni joto la mwili. Siku mbili baadaye alitapika, na nilipomfungua mdomo fizi zilikuwa za njano. Weupe wa macho nao njano. Mkojo ulikuwa kama chai iliyokolea. Veterineri alisema ini limekwisha, akauliza anakula nini, akaomba kuuona unga. Hakuna maabara iliyoupima. Aliunusa tu, akaufunga, akaniambia niumwage shimoni mahali ambapo hata kuku hawatafika. Bobi alikufa alfajiri iliyofuata.

Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Kuchemsha hakuiondoi. Kuanika juani baada ya ukungu kuota hakuiondoi. Unaweza kuupepeta unga ukawa mweupe, na sumu imo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru haraka, lakini msidhani ni ya mbwa tu: mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui huko Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Nikikumbuka kwamba ule mfuko ulikaa jikoni kwangu, kando ya unga wa watoto, mkono unanitetemeka hata ninapoandika.

Tangu hapo hakuna kitu kinachoitwa unga wa mbwa katika nyumba yangu. Subira anakula unga tunaokula sisi, kidogo kuliko sisi. Nikinunua naomba kuingiza mkono mpaka chini ya gunia, maana juu huwekwa uliokauka. Naunusa. Nyumbani nauweka juu ya mbao mbili, mbali na ukuta, kwa sababu kuta za mlimani kwetu hutoa maji masika yote. Sinunui wa mwezi mzima wakati wa mvua. Na karanga zilizosinyaa au zenye weusi, nazitupa.

Kuna watakaosema: ungenunua krokete, chakula kikavu cha mbwa cha kiwandani, mambo yakaisha. Krokete nzuri ni chakula kizuri, sina ugomvi nazo. Aliye na uwezo anunue, lakini asome mfuko. Mifuko ya kutoka Ulaya mara nyingi imeandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo hatuna udhuru: tafuteni maneno "aliment complet". Pakiandikwa "complémentaire", hicho ni cha kuongezea tu, mbwa hawezi kukitegemea. Vilivyomo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, kwa hiyo soma kile kilichotangulia. Angalia umri: cha "chiot" ni cha mtoto, cha "adulte" ni cha mkubwa. Kisha tarehe. Tatizo letu hapa ni kwamba mifuko mingi hufunguliwa dukani, krokete zikapimwa kwenye vifuko vya plastiki na kukaa juani dirishani. Kifuko hicho hakina jina, hakina tarehe, na mafuta yake yameshachacha. Anayenunua hivyo analipa pesa ya chakula cha kizungu na kupata kitu asichokijua. Na hata mfuko uliofungwa si malaika: mwishoni mwa 2005 huko Marekani mbwa wengi walikufa kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa na mahindi yenye aflatoksini ileile iliyomuua Bobi.

Kwa upande mwingine, sitawadanganya kwamba sufuria yangu imekamilika. Mwaka huohuo wa 2013, chuo kikuu cha California kule Davis kilichunguza mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, na 95 kwa 100 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Niliposoma hivyo nilikata tamaa siku mbili. Halafu nikafanya kile Mama alichokuwa akitufanyia: nikabadilisha badilisha. Juma hili sambaza, juma lile mayai mawili matatu na maharagi yaliyoiva kabisa. Mara moja kwa juma kipande cha ini la ng'ombe, kimechemshwa. Sambaza kavu haikosekani muda mrefu.

Subira sasa ana kilo 16. Nilimpima kituo cha afya cha mtaa: nikapanda mizani naye mikononi, nikapanda peke yangu, nikatoa. Mbwa wa uzito huo ambaye hafanyi kazi nzito anahitaji kati ya kalori 900 na 1,000 kwa siku. Kwetu hiyo ni kama gramu 130 za unga wa mahindi kabla haujapikwa, gramu 60 za sambaza kavu zilizotwangwa, maharagi ya kukamata kiganjani, lenga-lenga (mchicha) zilizochemshwa na kukatwa ndogo sana, na kijiko kimoja cha mafuta. Chumvi yenye iodini, ncha ya kidole. Nagawa mara mbili, asubuhi kidogo na jioni zaidi, kwa sababu ndipo anapoingia kazini. Lakini namba hizi ni za kuanzia. Mizani ya kweli ni mkono: pitisha vidole ubavuni. Mbavu uzihisi bila kuzitafuta, na zisionekane kwa mbali. Ukizitafuta, punguza bugali. Ukiziona toka mlangoni, ongeza, na kwanza muulize veterineri kuhusu minyoo.

Kuhusu mabaki ya mezani nitakuwa mfupi. Mchuzi wetu una kitunguu, na kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kikiwa kibichi au kimepikwa, na kitunguu saumu vilevile. Kijiko kimoja hakitamwangusha mbwa mkubwa; mchuzi wa kila siku ndio unaomla polepole. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama kioo. Kokwa la avoka linaziba utumbo, na Bukavu maavoka yanaanguka yenyewe uani, kwa hiyo yaokoteni. Sombe, yaani majani ya muhogo, iwe imeiva kabisa na haina kitunguu; maganda ya muhogo mbichi yasiachwe anapofika. Chokoleti, zabibu, na machicha ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hapana. Na mapafu ya machinjioni yenye malengelenge ya maji, msimtupie mbwa yakiwa mabichi: kile kilicho ndani ya malengelenge hukua tumboni mwake, mayai yakatoka kwa kinyesi, na anayekuja kuumwa ni mtoto anayecheza uani.

Manyoya ya Subira yalichukua miezi minne. Weusi ulianza kurudi shingoni, ukashuka mgongoni kama wino. Mama alipokuja Desemba alipita mlango wa nyuma kama kawaida, akachungulia, akasema tu, "Eh." Kutoka kwake, hiyo ni hotuba.

Mwezi uliopita Subira amezaa watoto watano. Jike anayenyonyesha anaweza kuhitaji chakula mara mbili mpaka mara nne ya kawaida yake, kwa hiyo sasa anakula mara nne kwa siku, na hesabu yangu ya sokoni imevurugika kabisa. Watoto nimewaanzishia uji wa masoso, yaani mahindi, soya na sorgo, umeiva sana kwa sababu soya isiyoiva huzuia protini isisagwe, na ndani yake sambaza zilizotwangwa mpaka zikawa vumbi. Unga wa kalsiamu wa farmasi siwapi. Jamaa mmoja wa Nguba alimmiminia mtoto wake wa berger allemand, wale mbwa wakubwa wa Kijerumani, kila siku, akidhani anajenga mifupa, na mifupa ya mbwa wa jamii kubwa inayopewa kalsiamu kupita kiasi hukua vibaya. Sambaza wazima wanatosha.

Watu watatu wameshakuja kuomba. Kila mmoja namuuliza swali la Mama, na mmoja alikasirika akaondoka. Wawili wamerudi wakiwa wameshafika Beach Muhanzi na kujua bei ya vichwa. Hakuna atakayechukua mtoto wa mbwa kabla hajafikisha wiki ya nane. Jana niliwapima wote watano kwenye mizani ya duka la maharagi, ndani ya kikapu, mwenye duka akishika kalamu. Wanne wamepita kilo moja na nusu. Yule mdogo, mwenye doa jeupe kifuani, amefika kilo moja na gramu mia mbili, na leo asubuhi amekula wa kwanza.